Beseni la Mwenye Nyumba

Mume wangu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mapema, mawingu yamenuna. Hili beseni usilowekee soksi zako, ni la mwenye nyumba tunayotaka kununua.

Asubuhi, wewe ulipokuwa ukisifia dari yake nyeupe na kumwambia, "Huyu mke wangu ana wasiwasi na kila kitu," mkacheka wote wawili, mimi nilipanda ngazi aliyoisahau fundi rangi, nikachungulia darini. Nikalikuta beseni hili limetegwa chini ya bati lililotoboka, lina maji nusu. Nikayamwaga bafuni, nikalificha ndani ya mtandio, nikaaga kwa adabu.

Nyumba njema si mlango, baba. Wala si rangi.

Sasa nimerudi kwake kumsalimia. Nitakaa sebuleni, palepale chini ya dari uliyoisifia, mpaka mvua inyeshe. Usisaini kitu, kalamu yako ninayo.

Nikirudi mkavu, ~~nitakuomba radhi~~ tutazungumza. Nikirudi nimelowa, nipokee na taulo, halafu ucheke tena.

Mkeo, yule mwenye wasiwasi