Vidonge Ndani ya Asali ya Wagdi

Mpendwa Bi Ihsan, naomba msaada wako, na tafadhali usitaje jina langu maana mji mzima wa Tanta unanijua, mimi ni mfamasia, nina duka langu la dawa mwaka wa kumi na tisa huu, na mume wangu Wagdi, mwalimu mstaafu wa jiografia, ana presha ya kupanda, sasa baada ya Ramadhani alijiunga na darasa la Bi Inshirah, mama anayefundisha kutibu mwili mzima kwa pumzi, mitishamba na matembezi, na kusema kweli akaacha sigara, akaacha hata kukoroma, ila siku moja akavimwaga vidonge vyake kwenye sinki akaniambia, "Mke wangu, wewe unatibu namba, Inshirah anamtibu mtu," nikalia, nikagomba, wapi, mwisho nikaanza kuvisaga vidonge na kuvichanganya na ile asali ya habasoda anayolamba kila asubuhi.

Presha ikatulia! Akanibusu kwenye paji la uso: "Umeona? Asali!" Nikajibu, "Nimeona." Ningesema nini? Basi akageuka mhubiri, kila baada ya Alasiri yuko mkahawani anawaonyesha watu daftari lake la vipimo, na wateja wangu mwenyewe wananijia, "Daktari, tupe ile habasoda ya mzee." Ningecheka, lakini juzi kaka yake, Hosni, naye akaacha dawa, akaanguka kwenye foleni ya mkate, yuko hospitali, fahamu zimemrudia, na Wagdi amekaa kando ya kitanda anamwambia, "Kosa lako ulinunua asali ya dukani." Nikisema ukweli ataniacha, nikinyamaza ataanguka mwingine. Nifanyeje?

Mfamasia mwenye hatia

Dada yangu, jina lako ulilificha, kisha ukaandika la mumeo na la shemeji yako! Nimeyabadili yote, unishukuru.

Nilicheka mpaka nilipofika kwa Hosni. Naelewa, ulikataa kuwa mjane. Lakini kumlisha mtu dawa bila yeye kujua, wewe uliyesomea? Daktari mwingine angemwandikia dozi ya pili juu ya hiyo yako, ungemweleza nini? Aibu!

Matembezi na pumzi asiache, vinamfaa. Nimempigia simu Bi Inshirah. Aliruka: "Nani kamwambia aache vidonge? Mimi mwenyewe nina presha, nameza kimoja kila asubuhi!"

Kwa hiyo mchukue Inshirah, nendeni hospitali leo, leo hii, msingoje Ijumaa. Mbele ya Hosni na daktari wake mwambie Wagdi, "Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukukosa." Usijitetee zaidi ya hapo. Kidonge cha kesho umpe mkononi, akijua ni kidonge. Na mkahawani aende mwenyewe akawaambie watu ukweli, maana ni yeye aliyewahubiria.

Atanuna. Mwache anune, dada. Maiti hawanuni.