Kwa Mpwa Wangu Aliyechimba Ngolo Mchangani

Mpwa wangu Skola,

Bahasha ya barua hii sijaibandika. Dereva wa lori akitaka kuisoma njiani, asome. Akiwasomea na abiria waliokaa juu ya magunia, vizuri zaidi, maana niliyoandika humu hayapatikani chuo chochote cha ualimu nchi hii. Mimi hapa mzima, ila situlii. Tangu nipate barua yako nimekwenda barabarani na kurudi mpaka mkaza mjomba wako akasema, "Wewe mwanamume, kaa chini, unanichosha macho." Nikakaa. Nikasimama tena. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko dirishani.

Ati unaacha kufundisha. Ati rafiki yako wa Songea ana meza ya mitumba sokoni na amekutengea upande. Najua, siku hizi kila kitu ruksa. Wanunuzi wa kahawa wanakuja na magari yao, kila mmoja na bei yake mdomoni, na walimu wanaweka chaki chini wanashika mashati ya Ulaya. Sikatai. Mimi mwenyewe ningeingia biashara hiyo, Mbinga nzima ingevaa nguo zangu, na mbuzi wao pia. Lakini wewe, Skola, unaondoka kwa sababu ya shimo?

Hebu nikukumbushe.

Ulikuwa darasa la kwanza pale Mapera. Kwenye kujumlisha hakuna aliyekuweza. Ikifika kutoa, unalia. Mama yako, dada yangu, alikuuliza una nini, ukamwonyesha vidole: "Nikivikunja vinapotea, halafu mwalimu ananiuliza viko wapi."

Ulikuwa mwezi wa tatu, tunalima ngolo. Wanaume tumeshafyeka nyasi na kuzilaza mraba mraba mlima mzima. Wanawake wako nyuma yetu, wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunikia zile nyasi, mpaka katikati panabaki shimo na pembeni pamesimama matuta ya kupandia maharage. Kuchimba ni kazi ya wanawake, hilo Mmatengo yeyote anajua. Lakini nilipokuona unafuta makamasi kwa daftari, nikamnyang'anya mama yako jembe.

Lo, wanawake walivyopiga vigelegele! "Jamani, leo shemeji kaolewa!" "Mfungeni kanga!" Siku hiyo, na mashahidi wapo, nilichimba mpaka mpini ukafuka moshi. Chui aliyekuwa anapanda kutoka pori la Liparamba akageuka njiani, akidhani ni greda la serikali. Ukacheka na machozi yako yaleyale usoni. Hapo ndipo nilipokukamata.

Nikaweka mabonge ya udongo shimoni. "Hesabu."

"Manane, mjomba."

Nikatoa matatu, nikayapanga juu ya tuta. "Shimoni?"

"Matano."

"Na haya matatu yamepotea?"

Ukanitazama kama unamtazama mjinga. "Si hayo hapo juu ya tuta!"

"Nikiyarudisha?"

"Manane tena."

Halafu, bila mtu kukuambia, ukaingia shimoni mwenyewe. Ukarudisha yale matatu, ukahamisha matano juu, ukabakiza matatu chini, ukapiga kelele mpaka watu wa mlima wa pili wakanyanyuka: "Mjomba! Matano na matatu manane. Manane toa matatu, matano. Manane toa matano, matatu. Ni yaleyale!"

Mama yako akashika kiuno. "Haya, profesa, nirudishie jembe langu, jua linakwenda."

Toka hapo ukawa unawafundisha wenzako njiani kwenda shule, kwa mawe, kwa buni mbichi, kwa chochote. Nikasema huyu ni mwalimu. Nilisema kwa sauti, kanisani, padri akiwa katikati ya matangazo. Padri mwenyewe alikubali kwa kichwa, ingawa mkaza mjomba wako anasema alikuwa ananifanyia ishara ninyamaze.

Sasa nikasoma barua yako. Umewatoa watoto wako wa darasa la kwanza mpaka ufukweni mwa ziwa, huko unakofundisha, umelaza matete mraba kama sisi tunavyolaza nyasi, umepiga jembe. Umetoa mchanga, mchanga wa pembeni umeporomoka ndani. Umetoa tena, na maji yakaja kutoka chini. Na yule mtoto akapaza sauti, "Mwalimu, umetoa na limejaa!" Mwenzake akadakia, "Basi kutoa hakupunguzi!" Na mwalimu mkuu wako, huyo aliyehamishiwa huko kutoka mbali, akaja amefunga mikono nyuma: "Mwalimu, hapa tunafundisha hesabu au tunachimba vyoo?" Tangu siku hiyo ukiandika alama ya kutoa ubaoni, darasa zima linanong'ona, "Choo."

Sikudanganyi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikafika pale ulipoandika, "Mjomba, nadhani sikuumbiwa kazi hii," na kicheko kikakatika. Tangu hapo ndiyo hii kwenda na kurudi.

Nimefikiri, Skola, na ninapofikiri mimi, hata kuku wananipisha. Udongo wetu wa huku mlimani ukiutoa unakaa ulipouweka. Jicho linaona pale palipopungua, linaona pale palipoongezeka, na mkono unaweza kurudisha. Ndiyo maana ulielewa. Si jembe lililokufundisha, wala si mjomba, ingawa mjomba alikuwepo na alipendeza. Mchanga wa ziwani haukai. Unajazia pale ulipotoa na unaficha ulichotoa. Yule mtoto hakukudhihaki, alisema alichokiona, na alichokiona ni kweli. Mtoto anayeangalia namna hiyo ni wa kumpa kazi, si wa kumkimbia.

Je, unaikumbuka safari yetu ya ziwani? Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele. Tulishuka na maharage tukabadilishane na usipa, wale dagaa wa ziwani, na mimi nikavutana na samaki mbasa mkubwa kiasi kwamba mtumbwi ulirudi nchi kavu peke yake, tuliomo tukipiga kelele. Hiyo unaikataa, najua. Basi kumbuka ile nyingine ambayo huwezi kuikataa. Akina mama wa pale ufukweni walikuwa wameanika usipa juu ya vichanja. Wingu likaja, wakapiga yowe, sote tukakimbia kuwakusanya samaki vikapuni. Kichanja kikawa kitupu, kapu likajaa. Mvua haikunyesha. Tukawaanika tena, kapu likawa tupu. Wingu likarudi. Ukaketi chini umenuna: "Mjomba, kwani si ni walewale?" Mama mmoja akakujibu huku anakusukumia kapu, "Ni walewale, mwanangu, inuka."

Hao watoto wako wameinuliwa hivyo tangu wanatambaa. Mikono yao inanuka usipa. Wanajua kwamba samaki akitoka kapuni hajapotea, yuko kichanjani, na wingu likija atarudi. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ndiyo hesabu ya ubaoni. Ukiwapa kapu na kichanja, usipa wachache tu, nadhani watakuambia wao. Nadhani. Neno hilo unajua silitumii mara nyingi.

Maana mimi sijawahi kusimama mbele ya watoto wote hao. Nilimfundisha mmoja, naye alikuwa wewe, na wewe ulishaelewa nusu kabla sijafungua mdomo. Hao wako sijui watafanyaje. Labda watacheka tena. Labda mwalimu mkuu atakuja kuuliza kama sasa umefungua soko la samaki. Mwite, mpe naye kapu ashike.

Ukifanya hivyo na bado moyo wako uko Songea, funga mizigo, nitashuka nikubebee furushi mwenyewe mpaka kwenye gari, na sitakulaumu mbele ya mtu yeyote. Mitumba ni kazi, na watu wanahitaji mashati. Lakini uondoke kwa kuwa umechagua. Usiondoke kwa kuwa mchanga umekucheka.

Mimi niko hapa dirishani, nakaa, nasimama.

Mjomba wako