Moto wa Kwanza kwa Thadeo

Thadeo amestaafu, amejenga hapa Butiama, nyumba imekwisha na vigae vyake vyekundu!

Mdogo wangu Ghati, hujambo na watu wa Bugwema? Mimi mzima, magoti tu. Mwanetu Thadeo amepita sabini na bado anasimama kiafande. Alisomea sheria, akawa luteni vita ya Kagera, halafu bosi wa umeme, mpaka umeme ukikatika majirani walikuwaga wananilalamikia mimi, nami nawajibu kibosi. Nani mwingine kazaa hivyo?

Unajua kwetu mtu halali nyumba mpya mama hajawasha moto. Nimebeba kuni, akanizuia. "Awashe mama mdogo. Mwanawe Mugeta alikuwa kikosini kwangu, nikarudi bila yeye."

Ghati, tangu vita ile hujakanyaga kwetu, na sijakulaumu. Lakini bosi mzima analala jikoni kwangu na kuku, anasema atakungoja hata mwaka. Ukija, tutalia kidogo, halafu tutakula.

Samaki, sato wakubwa, nimeagiza ziwani Mwigobero. Wajukuu wote wanakuja. Mimi dada yako Matrida nakutazamia Jumamosi baada ya Pasaka.