Shangazi Amemtoa Bibi Harusi kwa Miguu Yake

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia vigelegele vikiwa bado havijatulia uani, na barua hii nitaisoma kwa sauti mbele ya ukoo wote uliokusanyika hapa Nyaishozi, kwa kuwa habari niliyonayo haistahili kunong'onwa. Mjukuu wako Kokuhirwa, binti yangu uliyemwogesha siku aliyozaliwa, ameolewa Songambele. Aliyemshika mkono kutoka chumbani, akampitisha kibanjani, katikati ya migomba yetu, hadi barabarani, kama desturi inavyomtaka shangazi, ni binti yako Yustina. Amemtoa kwa miguu yake mwenyewe.

Unaelewa kwa nini moyo unanienda mbio. Yustina alirithi jiko lako, na pamoja na jiko alirithi kifua chako.

Nalikumbuka jiko lile. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, wewe ulikuwa umeshapuliza kuni mbichi, na moshi umepanda hadi kwenye uchaga wa fito uliokuwa juu ya mafiga, mahali ulipokaushia maharage ya mbegu. Kikohozi chako ndicho kilichotuamsha kwenda shule. Miaka ikapita, mkono wako ukawa haufiki tena kwenye uchaga. Baba akaushusha.

"Mama yenu anarudi utotoni," alitutania.

"Nikirudi utotoni, nani atakupikia?" ukamjibu bila kugeuka.

Tulicheka wote. Pindo la gauni lako lilipoanza kufagia sakafu, tulilikunja tukalishona. Hatukujiuliza ni kitu gani kinachompunguza kimo mtu mzima. Na heshima yetu unaijua, mama: mgonjwa wa kifua hashiki jembe, hapigwi na baridi, hukalishwa karibu na moto. Tulikukalisha kwa upendo wote, tukakuwekea mto mgongoni, na jua la Karagwe tukalifungia mlango. Siku ubavu ulipovunjika kwa kukohoa tu, uliushika ukaniambia, "Msimweleze mtu. Hata kuku watanicheka."

Yustina naye aliinama kuinua beseni la nguo, mgongo ukalia kama kijiti kikavu. Daktari alipoitazama picha ya mgongo wake hospitalini, alitueleza jambo ambalo natamani ungelisikia ukiwa hai. Ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu haubaki kifuani. Mwili unaopungukiwa pumzi hula kidogo, hutembea kidogo, na huishi na uvimbe wa ndani usioonekana. Ukiongeza na vile vidonge vikali vinavyotolewa kifua kinapobana sana, mifupa hupoteza nguvu kimyakimya, pingili za mgongo zikabonyea na mtu akapungua kimo. Alimwonya asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Akampa na ya mifupa, akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi. Kisha akatugeukia sisi ndugu: "Na ninyi mwacheni atembee juani, mifupa inalihitaji jua. Kiti mnachomheshimia kinamdhoofisha."

Tuliporudi nyumbani tulianza na jiko. Sasa anapikia kwenye banda lililo wazi, penye jiko lenye bomba la kutolea moshi. Kila asubuhi jua likichomoza alitembea kibanjani, kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, akisimama kutoa pumzi taratibu kwa midomo aliyoibana kama anayepoza uji. Majirani walidhani anahesabu mikungu. Akanywa maziwa, akala dagaa na mifupa yake, maharage, na mboga za majani. Kimo kilichopotea hakirudi, daktari hakutuficha. Lakini hatua zilirudi.

Hata hivyo juma lililopita baba mkubwa, kwa huruma yake, alipendekeza binamu yetu amtoe bibi harusi, au Yustina apandishwe gari tangu mlangoni. Dada akasimama katikati ya kikao.

"Mnibebe kama mkungu wa ndizi? Shangazi ni mimi."

"Ukianguka je, binti yangu?" mzee akauliza, na hakuna aliyecheka, kwa maana sote tulikuwa na hofu hiyo hiyo.

"Nitapumzika njiani. Bibi harusi hana haraka, haraka wanayo wakwe."

Ndivyo ilivyokuwa leo, mama. Alisimama penye mgomba wa kwanza, akatoa pumzi. Kokuhirwa naye akasimama, shela ikitulia kwenye majani. Wakaendelea. Wakasimama tena penye mibuni yako. Wapiga ngoma walijifunza kumsubiri, hata kusimama kwake kukawa sehemu ya ngoma. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimejiandaa kudaka, na mikono yangu ilirudi nyumbani bila kazi. Barabarani aliwakabidhi wakwe mtoto wetu kwa maneno machache:

"Mpokeeni. Mkimpikisha penye moshi nitakuja kumchukua, na miguu mmeshaiona."

Uchaga wako tumeuacha pale pale baba alipoushushia. Wajukuu wakiuliza kwa nini uko chini hivyo, tunawaeleza, na anayekohoa muda mrefu miongoni mwetu sasa huulizwa pia habari za mgongo wake.

Pumzika kwa raha, mama. Ninakuaga hapa, maana Yustina amerudi na ameomba kiti. Nimemwekea juani.

Mwanao, kaka yake Yustina