Kidole cha Nyanya Juu ya Picha ya Mabaharia

Jumamosi, 16 Agosti 1952

Bado sijamwambia Nyanya ukweli.

Leo mchana alitoa ile picha ya mabaharia aliyoituma Babu kutoka kwenye manowari, kabla hajafia vitani. Siku hizi Nyanya haoni vizuri, kwa hivyo akaninyooshea kidole chake. "Mume wangu, kiweke juu ya mwenzako."

Ananiita mume kwa sababu nilipewa jina la Babu. Lakini Babu aliondoka hapa Elmenteita nikiwa mtoto wa kubebwa. Sura yake siijui, na niliona haya kusema. Nikakiweka kile kidole juu ya yeyote tu, mmoja mrefu, wa safu ya nyuma.

Nyanya akainamia picha. "Mimi nilikuwa nafikiri amekaa mbele."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

"Basi ni uzee," akacheka, akampapasa yule mtu. "Huyu alikuwa na maneno mengi, si kama wewe. Mnafanana?"

"Sana, Nyanya."

Sasa amelala. Nimewatazama wote waliokaa mbele, mmoja mmoja. Wako saba. Babu ni mmoja wao, na yeyote kati yao ningempita barabarani Nakuru bila hata kumwamkia.