Gita la Chuma Linalocheka Polepole

Papa Byamungu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa hiyo naanza na yangu. Nimechoka. Utasema hilo si jipya, maana tangu unifahamu sijawahi kuingia kwako bila kulitaja neno hilo kabla hata ya kuvua viatu. Lakini uchovu wa sasa hauishi kwa kulala. Nimejaribu.

Nyumba yenu ya Rinkeby imesharudishwa kwa wenyewe. Nilipita chini yake majuzi nikaona mapazia ya kijani kwenye dirisha lako, na kibarazani kuna baiskeli ya mtoto. Mama Furaha amehamia kwa binti yenu kule Fisksätra. Anasema chumba kinamtosha, ila jioni zake ni ndefu. Anakula, na ibada hakosi. Ameanza kuvaa tena vitenge vyake vya rangi, na wenye midomo kanisani wameshasema la kusema. Unajua akiamua kuwajibu anawajibu vipi.

Tulikuaga vizuri, usiwe na wasiwasi. Tulingoja wiki nyingi kama kawaida ya huku kwa Waswidi, hata machozi yakachoka kungoja, kisha tukapewa saa yetu kanisani na tukatoka kwa wakati ili wafiwa wengine waingie. Baadaye ukumbini kulikuwa na chakula, na nikaombwa kusema neno kama rafiki yako. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwamba wewe ulinifundisha utulivu. Nikawaambia habari za santuri zako za zamani, muziki ule wa Texas wenye gita la chuma, jinsi unavyokwenda taratibu, bila papara, na jinsi mtu akiusikiliza anajifunza kwamba maisha hayana haraka. Mama Furaha alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikaona nimemliza mjane wa watu, nikakatisha maneno nikakaa. Hilo nitalirudia.

Sijui kama unakumbuka tulivyoanza. Mimi nakumbuka. Nilikuwa napanga viti baada ya ibada ya Kiswahili huku napiga mluzi wimbo wa kauboi, zile nyimbo ambazo sisi tuliokulia Nyahururu tulizisikia redioni kila Jumapili mpaka tukadhani zilitungwa huko kwetu. Ulisimama nyuma yangu ukasema, "Weye Mukenya, kuya nikuonyeshe kitu." Nilijiona mjuzi. Kwangu gita la chuma lilikuwa chombo cha kulilia mke aliyeondoka. Ukaniambia hao ninaowajua ni wajukuu, nije nisikilize mababu.

Mababu wenyewe ulikuwa umewapata kwenye soko la mitumba, sanduku zima, kutoka kwa mzee wa Kiswidi mwenye nywele za kupaka mafuta na gari refu la Kimarekani. Ulisema alipoweka santuri moja ili kukuonyesha kwamba inalia, ulisikia redio ya baba yako Bukavu, na lile gita la Kihawai lililokuwa ndani ya rumba za zamani kabisa. Ukalibeba sanduku ndani ya treni, na Mama Furaha akakuuliza kama umemletea takataka za Wazungu.

Jumamosi ya kwanza nilikuja moja kwa moja kutoka kazini. Nilikuwa nimesafisha magari ya treni usiku kucha na macho yananiwasha. Ukaweka ile santuri ambayo baadaye tuliiita yetu, ile isiyo na mwimbaji ila mwishoni, fidla mbili, ngoma, na gita la chuma linaloingia katikati. Nikakuuliza, "Papa, hawa watu wanakimbilia basi gani?" Kichwa kiliniuma kwa kweli. Ulicheka, na mimi nikasinzia kwenye kiti chako kikubwa mpaka mate yakanitoka.

Jumamosi iliyofuata uliweka ileile. Nayo ilikuwa imetulia. Fidla zilitembea, ngoma haikunigonga, na gita lile likaja likiteleza kutoka chini mpaka kwenye noti yake, kama mtu anayeingia kitandani bila kutaka kumwamsha mwenzake. Nikakuuliza kama ndiyo ile ya wiki iliyopita. Ukanionyesha karatasi ya katikati ya santuri ili nisome mwenyewe. Ukasema, "Ni ileile. Masikio yako yamepona."

Nilikuamini, Papa. Si hivyo tu, nilijivuna. Nilirudi kwangu Norsborg siku hiyo nikijiona mtu aliyehitimu.

Kuanzia hapo Jumamosi zangu zilikuwa zako. Santuri za aina hiyo hazidumu, upande mmoja ni kama dakika tatu na umekwisha, kwa hiyo lazima mtu asimame kila mara kugeuza. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Kwetu ni aibu kijana kukaa huku mzee anainuka na kuketi. Lakini kila nilipojaribu kusimama ulinizuia, "Kaa weye," na mashine ulikataa kabisa niiguse. Nilidhani unahofia sindano. Nilikunywa chai yako kwa aibu kwa miaka mingi.

Nilijifunza pale kitini. Ulinifundisha kwamba mpigaji wa gita lile hulilaza mapajani na kupitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi, ndiyo maana noti zake hazina kona. Ulinifundisha kungoja ile sauti ya kiongozi wa bendi akiita jina la mpigaji kabla hajaingia, na kusikiliza jinsi mpigaji anavyoitikia, kwa kujidai kidogo, kama mtu aliyeitwa mbele kanisani akajifanya hakutegemea. Ulinionyesha mahali anapoiga tarumbeta, na mahali fidla zinapomngoja amalize. Nikisema analia, ulikuwa unanisahihisha: "Hayiko analia huyu. Iko anacheka, lakini polepole." Mwimbaji wetu wa mwishoni alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeamka sasa hivi. Tulimhurumia. Ulisema labda alikuwa na mafua siku ile ya kurekodi.

Na ile nadharia yangu. Sijui nicheke au nijifiche. Kila sherehe ya Wakongo niliyoalikwa, mimi Mkikuyu wa watu niliwaeleza wanaume wa Bukavu na Uvira kwamba muziki wa Texas na rumba ni ndugu, na ushahidi ni ule mwendo wake wa taratibu. Nilipiga meza kwa kidole kuwaonyesha. Walibisha, nikawabishia. Wewe ulikuwa pembeni na sahani yako ya sombe, unatafuna, na wakikugeukia uliwajibu kwa uso mkavu, "Mukenya anajua." Hakuna hata siku moja uliyocheka.

Ulipoanza kuumwa na miguu ikakataa, nilidhani sasa zamu ya kusimama ni yangu. Hapana. Ulimwita Mama Furaha kutoka jikoni. Alikuja anapangusa mikono, anageuza, anagusa hapa na pale kwenye mashine, anarudi kwa vyungu vyake. Hilo liliniuma, nikwambie ukweli. Niliona huniamini na vitu vyako hata wakati ule, na sikukuuliza kwa sababu ulikuwa mgonjwa.

Nyumba ilipokuwa inafungwa, Mama Furaha alisema mashine na santuri ni zangu, kwamba wewe ndiye uliyeagiza. Nilizibeba kwa safari nne, kwa mifuko ile mikubwa ya bluu, treni mpaka katikati ya mji na nyingine mpaka mwisho wa njia. Kisha vitu vikakaa. Sikuwa na nguvu ya kuvigusa. Nilikuwa narudi kazini, navipita, nalala na nguo.

Jumamosi moja nikajilazimisha. Nikaweka santuri yetu, nikakaa, nikafumba macho. Papa, walikimbia. Fidla zilikuwa zinafukuzana, ngoma inanigonga kichwani kama siku ile ya kwanza, na gita la chuma likapita mbio hata sikuwahi kulisalimia. Mwimbaji wetu mwenye mafua alikuwa kijana mwembamba mwenye furaha. Nikazima. Nikajua nimeiharibu kwenye treni. Kitu kimoja ulichoniachia, na mimi nimekiharibu kwa kukitikisa kwenye ngazi za stesheni. Nilikaa sakafuni nikalia jinsi ambavyo sikulia mazishini.

Nikampigia Mama Furaha ili nikiri. Aliniacha nimalize. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kutoka tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu uondoke. Akasema anakuja. Akatoka Fisksätra, akavuka mji mzima mpaka Norsborg, akaingia kwangu na sambusa kwenye bakuli, akainama juu ya mashine kabla hata sijampa kiti.

Pembeni pana kile kishikio kidogo cha kupandisha na kushusha mwendo. Mimi sikujua kazi yake, nilidhani ni cha kufungia. Chini yake pana alama mbili. Moja ni nyekundu, tone la rangi ya kucha. Nyingine ni ya penseli, mstari mwembamba, na wino wa kalamu umepitishwa juu yake mara kadhaa kila ulipofifia. Kishikio kilikuwa kimesimama kwenye nyekundu. Akasema, "Hii nyekundu ni ya kwetu, niliweka mimi. Ya penseli ni ya kwako."

Sikuelewa, akanieleza kama mtoto. Santuri ile haijawahi kuwa ya taratibu. Ni muziki wa kuchezea, watu wa kule walicheza mpaka viatu vikaisha. Kuanzia ile ya pili, kila Jumamosi kabla sijafika ulikishusha kishikio mpaka kwenye penseli. Nilipotoka tu ulikipandisha, na ninyi wawili mkacheza jikoni, vyombo vikiwa bado kwenye sinki, mpaka miguu yako ilipokataa. Na pale ukumbini, alipojifunika kitenge, hakuwa analia. Nilikuwa nawaeleza watu habari za utulivu wa Texas, na yeye alikuwa karibu kuanguka kwenye kiti kwa kicheko. Aliniomba msamaha kwa hilo, huku anacheka tena.

Nilikasirika. Nakwambia kwa sababu hatukuwahi kufichana, au mimi sikuwahi kukuficha. Miaka yote hiyo nimejivunia masikio yangu. Nimebishana na watu wazima. Nimesimama mbele ya waombolezaji wako nikasifu kitu ambacho hakikuwapo. Nilimuuliza Mama Furaha kama mlikuwa mnanicheka nikishatoka. Akaacha kucheka. Akasema siku ile ya kwanza, nilipokuwa nimelala kitini na mdomo wazi, ulinitazama sana, kisha ukamwambia jikoni: "Ule mutu banamukimbiza juma yote. Huku kwetu asikimbizwe."

Kisha akarudi kwenye mashine. Aliweka santuri kwenye nyekundu, akacheza peke yake sebuleni kwangu na kikombe cha chai mkononi bila kumwaga hata tone. Mimi nilimtazama. Gita lile lilipoingia nilisikia kwamba kweli linacheka, tena kwa sauti. Ulikuwa umeniambia kila kitu isipokuwa mwendo wake.

Amerudi mara mbili tangu siku hiyo, na sambusa zake. Nyekundu ni yake, siigusi. Akishaondoka nabaki nimesimama mbele ya kishikio kama mtu asiyejua nyumba yake ni ipi. Nikiacha kwenye nyekundu, kichwa kinaniuma na naona nimekukosa. Nikishusha kwenye penseli, upo pale, unanizuia nisisimame, lakini sasa najua ni kwa nini, na ninaona haya kwamba kwa miaka yote hiyo mzee kama wewe alikuwa anainuka kila baada ya dakika tatu ili mimi nipumzike. Na hata hivyo nakishusha. Mwili hauna haya, unataka kukaa.

Ninachokuahidi ni hiki, na ni kidogo. Nimeomba kutolewa kwenye kazi ya usiku. Mkuu wangu amesema ataangalia, na wewe unawajua wanavyoangalia. Nitaomba tena, na tena, mpaka achoke yeye. Siku nitakapofika Jumamosi nikiwa nimelala kama watu, nitamwita Mama Furaha, nitaweka kwenye nyekundu, na nitacheza santuri yetu yote mpaka mwisho nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Hapo utajua kwamba nimepona kweli, si masikio peke yake.

Kwa leo niruhusu ya penseli. Nimetoka kazini sasa hivi.

Lala, Papa. Na mimi naenda kulala.

Mukenya wako,
Njoroge