Zamu ya Mama

Jumapili, 5 Machi 2000
Kikundi kimekutana Majengo, kwa mwenyekiti wetu Mwanaharusi. Zamu ya Joha. Zamu! Hisa za kampuni ya magunia tumezigeuza upatu. Niliwaambia tangu mwanzo: tununue, tukae nazo miaka kumi, tule gawio. Wakacheka—upatu gani usio na zamu? Nikakubali, bila hivyo wasingejiunga. Basi kila mwezi mmoja wetu fungu lake linauzwa, kwa bei ya wakati huo. Joha kaangukia bei nzuri. Kapiga vigelegele, kanikumbatia. Eti mimi ndiye msomi wao! Kisa nachapa barua ofisi ya Bunge hapa Dodoma.

Jumatano, 29 Machi
Redio jioni: hisa zimeshuka. Wawekezaji wakubwa wanajitoa, kasema mtangazaji. Mama alisikia. Akaendelea kukoroga unga wa vitumbua. Alfajiri ataamka tena akaange, na magoti yale yaliyovimba. Haya yote niliyaanzisha kwa ajili yake. Aache moshi, akae.

Jumapili, 2 Aprili
Zamu ya Anastazia. Kapata nusu ya alichopata Joha. Hisa zile zile, idadi ile ile! Kalia mbele za watu. Kasema nampendelea Joha kwa sababu tumepakana nyumba Chang'ombe. Nikamweleza bei hupanda na kushuka. Akauliza, mbona ishuke kwangu? Joha anatazama kucha zake. Ovyo kabisa.

Jumamosi, 6 Mei
Nimepita sokoni. Karanga mpya zimejaa, bei iko chini. Mwanaharusi anazifungia stoo, hauzi hata debe. Kichaa gani auze sasa, kasema, yeye anangoja Januari. Nikamuuliza, na hisa je? Akanitazama kwa huruma.

"Karanga naziona, Shamila."

Jumapili, 7 Mei
Leo ilikuwa zamu ya Mama. Haikufika. Mwanaharusi hakungoja hata chai: tuuze zote, tugawane kilichobaki, tusije tukakosa vyote! Mikono ikapanda. Nikaipitia mmoja mmoja—na wa Mama uko juu. Mama yangu mzazi!

Tulipofika mlangoni Mama akaniambia, miaka kumi ni yenu nyie vijana. Yeye ana mwaka huu tu, na hata huo hana hakika nao. Nimeumia. Namkasirikia, halafu naona aibu kumkasirikia.

Jumatatu, 8 Mei
Hisa haziuzwi bila sahihi tatu. Mwanaharusi kaweka, Anastazia kaweka. Yangu bado. Karatasi zinaondoka na basi la kesho asubuhi, kwa dalali Dar.

Redio sasa hivi: zimepanda! Kidogo tu, lakini zimepanda. Nikakimbilia uani kumwambia Mama. Hakushtuka. Kasema ameshaongea na fundi wa Kizota, fundi anataka kianzio.

Kianzio cha nini, Mama?

Cha jiko. Jiko jipya la vitumbua, kubwa, la matundu mengi. Anataka kuongeza biashara kwa fungu lake la hisa.

Nimerudi chumbani. Kanifuata. Kalamu niliyoiacha jikoni kaifuta mafuta kwa upindo wa kanga, kaniwekea hapa mezani, pembeni ya karatasi zinazongoja sahihi yangu. Kasimama mlangoni, kaegemea fremu, goti moja kalikunja kulipumzisha—